Kundi la watu tisa kwenye kayaki Mto Naili, Jinja: je, wasiojua kuogelea waende?

Mwalimu wa Kisumu aliuliza:

Ndugu zangu, hamjambo. Mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari mjini Kisumu, na walimu wenzangu wamenikabidhi kazi ya kupanga matembezi yetu ya likizo ya Agosti. Miaka iliyopita tulikuwa tukienda hotelini, tunakula, tunapiga picha na kurudi. Safari hii tumekubaliana kuvuka mpaka pale Busia, twende Jinja nchini Uganda, na tukae nusu siku juu ya maji ya Mto Naili katika kayaki, tukiongozwa na mtu anayeujua mto. Tuko tisa. Mdogo wetu ana miaka 26, na mkubwa wetu, ambaye ni mwalimu wa Kiswahili, ana miaka 58. Hakuna hata mmoja aliyewahi kushika kafi, na wanne kati yetu hawajui kuogelea kabisa, ingawa tumezaliwa na kulelewa kando ya ziwa.

Kinachonitatiza ni kwamba kila ninayemuuliza ananipa jibu lake. Jirani yangu aliyewahi kuishi Jinja anasema maji ya pale yametulia kama uji uliopoa, na kwamba hata mtoto anaweza kwenda. Rafiki yangu mwingine ananionyesha picha za watu wanaomezwa na povu jeupe, na anasema Naili si mto wa wanagenzi. Siwezi kuwapeleka watu wazima wenye familia zao mahali ambapo sipaelewi.

Nina sababu moja zaidi ya kuuliza kwa makini. Mwenzetu anayefundisha hisabati alifiwa na binamu yake ziwani walipokuwa wasichana. Ametuambia kwamba atakuja Jinja lakini atabaki nchi kavu na kututunzia mizigo. Sitaki kumbembeleza wala kumpa maneno ya kumtuliza tu. Nataka nimpelekee maelezo ya kweli ili aamue mwenyewe. Naomba wanaoujua mto huo wanieleze ni sehemu gani inayofaa watu kama sisi, kama asiyejua kuogelea ana haki ya kuwamo, na jinsi ya kumtambua kiongozi anayestahili kuaminiwa.

Kiongozi wa Sagana alijibu:

Mwalimu, salamu. Nilijifunza kazi hii kwenye Mto Tana pale Sagana, kisha nikafanya misimu mitatu Jinja, kwa hiyo maji unayoyauliza nimeyapiga makafi mara nyingi. Jirani yako na rafiki yako wamesema kweli wote wawili, maana kila mmoja alikuwa akizungumzia kipande chake cha mto. Ndiyo sababu swali la kwanza la kumuuliza mtu yeyote anayekuuzia safari si bei, wala si kama chakula kimo. Muulize: tunaingia majini wapi, na tunatoka wapi?

Nikueleze mto wenyewe jinsi ulivyo kuanzia ziwani. Naili inapotoka Ziwa Viktoria pale Jinja, zamani ilikuwa ikianguka kwenye mawe ambayo mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke aliyafikia Julai 1862 na kuyaita Ripon Falls. Wasoga na Waganda walikuwa na majina yao mapema zaidi, na jina la mji wa Jinja lenyewe linatokana na neno lao la jiwe. Maporomoko hayo yalizama bwawa la Owen Falls, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilipofunguliwa mwaka 1954. Baadaye likajengwa bwawa la Kiira ubavuni mwake. Chini ya mabwawa hayo mawili mto unakwenda takribani kilomita 8 hadi kwenye bwawa la Bujagali, lenye uwezo wa megawati 250, ambalo lilizinduliwa rasmi Oktoba 2012. Kipande hicho cha katikati ndicho ninachokushauri. Kabla ya 2012 usingekipenda hata kidogo, kwa sababu ndipo yalipokuwa maporomoko ya Bujagali, ambayo Wasoga wanayaheshimu kama makao ya roho ya Budhagaali. Siku hizi maji yamepandishwa na bwawa, yakajaa na kutulia, na pamekuwa kama ziwa jembamba lenye vilima vya kijani pande zote mbili.

Chini ya bwawa la Bujagali mambo ni mengine kabisa. Huko ndiko picha za rafiki yako zilikopigwa. Waendeshaji wa mito duniani hupima ukali wa maji kwa madaraja 6: la 1 ni maji yanayotembea bila taabu, na la 6 ni maji ambayo watu wenye akili timamu huyapita kwa miguu ukingoni wakiwa wamebeba vyombo vyao. Katika sehemu hizo za chini kuna maji ya daraja la 4 na la 5, na pale Itanda hata viongozi wazoefu husimama juu ya mwamba wakayaangalia kwa muda mrefu kabla ya kuamua. Bwawa la Isimba, la megawati 183, lilipozinduliwa Machi 2019, lilizamisha sehemu nyingine ya maji makali, na sisi tuliofanya kazi pale tuliomboleza kwa dhati, kwa maana ule ulikuwa urithi usiorudishika. Hata hivyo, yaliyobaki bado ni makali mno kwa mtu anayeshika kafi kwa mara ya kwanza.

Sasa kuhusu asiyejua kuogelea. Jibu langu ni ndiyo, anaweza kwenda, ila kwa masharti ambayo sikubali yapunguzwe. Sharti kubwa ni jaketi okozi. Wengi hudhani kwamba jaketi zote ni sawa, na hilo ni kosa. Nguvu ya jaketi ya kumwinua mtu hupimwa kwa nyutoni, na huandikwa kwenye kitambaa upande wa ndani. Jaketi jembamba la nyutoni 50, ambalo wapiga kayaki wazoefu hulipenda kwa kuwa haliwabani mikono, limetengenezwa kwa mtu anayejua kuogelea na mwenye msaada karibu. Asiyejua kuogelea anapaswa kuvaa la nyutoni 100 au zaidi. Ukifika, ligeuze usome. Kisha mvalishe mwenzako, funga vifungo vyote, shika mabega ya jaketi na kulivuta juu kwa nguvu. Likipanda hadi masikioni, halijamkaa vizuri, na majini litampanda vilevile na kumwacha.

Sharti lingine ni aina ya kayaki. Waombe zile za kukalia juu, si zile ambazo miguu huingia ndani na kufungiwa kwa sketi ya kuzuia maji. Ya kukalia juu ni pana, haipinduki ovyo, na hata ikipinduka haimshiki mtu: anateleza na kuanguka majini, basi. Hana kitu cha kujifungua.

Kwa kundi la watu tisa mimi nisingeondoka ukingoni bila viongozi wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma, pamoja na boti ya kuwafuata. Tena muanze mapema, saa mbili asubuhi ikiwezekana, kwa sababu mchana upepo unaotoka ziwani huamka, na upepo ndio unaowachosha wanafunzi kuliko mto wenyewe.

Mama wa Mwanza alijibu:

Mwalimu, ninaandika kwa ajili ya huyo mwenzako wa hisabati. Nimekulia Mwanza, nyumbani kwetu ziwa linaonekana kutoka jikoni, na nimefikisha miaka 44 bila kujua kuogelea, kwa kuwa kwetu wasichana walikwenda ziwani kufua na kuchota, wala hawakuruhusiwa kwenda kucheza. Mwaka juzi nilikwenda Jinja pamoja na shemeji zangu wanaoishi Kampala, na nimepita katika kile kile anachokiogopa.

Niseme kwanza kwamba mahali pa kwanza tulipokwenda niligeuka na kuondoka. Nilipewa jaketi ambalo kifungo chake cha chini kilikuwa kimevunjika na kufungwa kwa uzi wa katani. Nilipouliza, kijana aliyekuwa akitugawia alinijibu kwamba maji yale hayana neno. Shemeji zangu waliona ninaharibu siku, lakini sikujuta, na ninamwomba mwenzako asione haya kufanya hivyo hivyo. Anayekwambia maji hayana neno huku ameshika kifungo kibovu hajayafikiria maji wala hajakufikiria wewe.

Mahali pa pili tulipokelewa na kiongozi wa makamo, Msoga, aliyejua Kiswahili cha kutosha. Hakutupeleka kwenye kayaki. Alituketisha kwenye nyasi, akamuuliza kila mmoja wetu jina lake na kama anajua kuogelea, na aliposikia jibu langu hakushtuka wala hakucheka, alisema tu, "Basi wewe tutaanza nawe." Tukaingia majini yeye na mimi mpaka maji yakanifika kiunoni. Akaniambia nijilaze chali kana kwamba ninalala kitandani, masikio yaingie majini, miguu iinuke. Mkono wake mmoja ulikuwa chini ya kisogo changu. Nilisikia moyo wangu ukipiga ndani ya masikio kama ngoma iliyofunikwa nguo. Alisema nipumue polepole, nikapumua, nikaangalia mawingu, na nilipogeuza macho nikaona mikono yake yote miwili iko hewani. Jaketi lilikuwa limenibeba peke yake. Sijui alikuwa ameniachia kwa muda gani.

Baada ya hapo hofu haikwisha, nisiwadanganye, lakini ilibadilika. Kabla ya hapo nilikuwa naogopa kitu nisichokijua, na sasa nilikuwa nimeshajua jinsi kulivyo kuwa ndani ya maji. Alituonyesha namna ya kurudi kwenye kayaki tukianguka: unashika ukingo wa ng'ambo, unapiga miguu kwa nguvu, tumbo linapanda kwanza, unageuka ukae kwa makalio, na miguu inakuja mwisho. Mimi nilifaulu mara ya nne. Alinisubiri mara zote nne.

Na safari yenyewe, jamani, ilikuwa nzuri mno. Jambo nisilolisahau ni ule ukimya. Wakati wote kiongozi alipotuambia tuache kupiga makafi, kilichosikika ni matone tu yanayodondoka kutoka kwenye mabapa. Kuna wakati mdiria mweusi kwa mweupe alisimama hewani mbele yetu akipiga mabawa mahali pamoja, kichwa chake kikiwa hakitikisiki hata kidogo, kisha akajitupa majini kama jiwe na kutoka na kidagaa kinachometameta. Mnandi walikuwa wamejipanga juu ya kigogo wakiwa wameanika mabawa yao kama nguo. Upande wa pili mwanamume mmoja alikuwa kwenye mtumbwi akivuta nyavu, akatuamkia kwa Kisoga, na kiongozi wetu akamjibu, wakaendelea kusalimiana hadi tukapita na sauti ikapotea. Tulikaa majini kama saa tatu. Nilirudi nikiwa na malengelenge mawili kwenye vidole gumba, na siku ya pili mikono haikuinuka kuchana nywele.

Msafiri wa Nakuru alijibu:

Kwa maoni yangu mnajisumbua bure kwa kayaki. Pandeni boti kubwa la mpira ambalo watu wanane hukaa pamoja na kiongozi anaamrisha kutoka nyuma. Mimi nilifanya hivyo Jinja na nilifurahi sana. Katika boti hilo hakuna anayeachwa peke yake, na wasiojua kuogelea wanazungukwa na wanaojua.

Kiongozi wa Sagana alijibu:

Ndugu msafiri, ni kweli kwamba boti la mpira linawaweka watu pamoja, lakini mwalimu aelewe kwamba safari nyingi za boti hilo pale Jinja hushuka katika maji makali chini ya bwawa la Bujagali, na humo kupinduka ni sehemu ya safari. Ukipinduka kwenye daraja la 4 unaingia chini ya povu kwa sekunde kadhaa, unazungushwa, na hujui juu ni wapi. Mwenye ujasiri hufurahia na kuzungumzia mwaka mzima. Mtu aliyefiwa kwa maji nisingempeleka huko kwa vyovyote. Kuna kampuni zinazokwenda na boti hilo kwenye maji yaliyotulia pia, na hilo linakubalika, ila muulize swali lile lile la wapi mnaingia na wapi mnatoka.

Muuguzi wa Musoma alijibu:

Wenzangu wamesema mengi ya mto. Naomba niongeze la afya, kwa kuwa sikuona aliyeligusa. Maji ya Ziwa Viktoria na ya Naili ya juu yana kichocho, na aina iliyoenea huku kwetu ni ile ya matumbo. Konokono wadogo wanaoishi kwenye magugu ya ukingoni huachia vijidudu majini, hasa jua linapopanda kuelekea mchana, na vijidudu hivyo hupenya ngozi ndani ya dakika chache tu bila mtu kuhisi chochote. Huambukizwi kwa kunywa, bali kwa kulowana. Kwa hiyo msikae mkipiga soga ndani ya maji yenye magugu na matope, ingieni na kutokea mahali pasafi penye mkondo, na mkitoka jifuteni vizuri, ingawa taulo halitoi uhakika.

La muhimu zaidi ni dawa, na hapa ndipo watu wanapokosea. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo ya kichocho iliyokomaa. Ile michanga haiimalizi. Mtu akimeza kesho yake baada ya safari anajidanganya kwamba amejikinga. Subirini wiki 6 hadi 8, kisha mwende kituo cha afya mkapimwe, na kipimo cha dawa atakipanga mhudumu kulingana na uzito wa kila mmoja. Andikeni tarehe hiyo kwenye kalenda ya ofisi ya walimu kabla hamjaondoka Kisumu, maana baada ya wiki 6 kila mtu atakuwa amesahau.

Vilevile mbebe kadi za chanjo ya homa ya manjano, ambazo Uganda huzidai mpakani. Asiyechanjwa achanjwe angalau siku 10 kabla ya safari; tangu 2016 cheti kimoja hutosha maisha yote. Lala ndani ya chandarua. Na jua la majini linaunguza mara mbili, juu na kutoka chini, hata kwa ngozi nyeusi. Vaeni mikono mirefu na kofia yenye kamba.

Mwalimu wa Kisumu aliandika:

Ninawashukuru sana. Nimeyachapisha maelezo yenu na kuyaweka kwenye meza ya ofisi, na yamesomwa kuliko tangazo lolote la mwaka huu. Maswali yamebaki machache, na ninayaleta kama nilivyoyapokea. Mwalimu wetu wa miaka 58 ana bega la kulia linalomsumbua tangu alipoanguka kwenye pikipiki, je, ataweza? Mwingine ana uzito wa kilo 112 na anaona haya kuuliza, nami ninamuulizia kwa idhini yake. Wengi wanauliza kuhusu mamba na viboko. Na kwa kuwa tuko tisa, na kayaki za wawili wawili zinaacha mmoja, huyo wa tisa akae wapi? Mwalimu wetu wa Kiswahili anauliza pia kwa nini mnaliita kafi na si kasia.

Kiongozi wa Sagana alijibu:

Nianze na la mwisho, kwa heshima ya mwalimu wa Kiswahili. Kasia hufungwa ubavuni mwa chombo kwa kishwara, na mvutaji huketi akiwa amekipa kisogo kule aendako. Kafi hushikwa kwa mikono mitupu, na mpigaji hutazama mbele. La kayaki ni kafi lenye mabapa mawili, moja kila ncha, kwa hiyo nadhani jina hilo ndilo linalolifaa.

Bega la mwalimu huyo lisimzuie, mradi afundishwe vizuri mwanzoni. Wanafunzi wengi hupiga kafi kwa mikono, na baada ya nusu saa mabega yanawaka moto. Nguvu inatakiwa itoke kiunoni na mgongoni: unageuza kiwiliwili, unazamisha bapa karibu na vidole vya miguu, unavuta mpaka usawa wa nyonga, na hapo unalitoa. Likipita nyonga unainua maji bure na kuliumiza bega. Ili kujua upana wa kushika, weka kafi juu ya kichwa. Viwiko vikikunjika mraba, hapo ndipo pa kushika. Tena aangalie mikono yake isipande juu ya usawa wa macho, maana bega lililowahi kuumia huteguka mkono ukiwa juu na nyuma. Akae kiti cha mbele, huko kwenye omo, aweke mwendo anaouweza, na mwenzake wa tezi, yaani nyuma, amfuate na kuongoza.

Mwenye kilo 112 aulizie tu uzito unaobebwa na kayaki, ambao huandikwa na mtengenezaji, na akae kiti cha nyuma. Omo ikiinuka kidogo chombo kinakwenda vizuri. Ikizama kinakuwa kizito kugeuka. Hilo ni jambo la kupanga watu tu, na kiongozi mzuri hulipanga bila kumtaja mtu mbele za watu. Mwambieni mapema kwa simu.

Kuhusu wanyama, katika misimu yangu yote sikuwahi kukutana na kiboko wala mamba kwenye kipande hicho kati ya Nalubaale na Bujagali, isipokuwa kenge wakubwa wanaoota jua ukingoni na fisi maji wa mara moja moja. Naili hiyo hiyo ikifika Hifadhi ya Maporomoko ya Murchison imejaa viboko na mamba, na nadhani picha za huko ndizo zinazowatisha watu. Hata hivyo mto ni mto. Muulizeni kiongozi wa siku hiyo ameona nini wiki hiyo.

Kitu ninachokihofia zaidi ya wanyama ni bwawa lenyewe. Kabla ya kila bwawa kuna mstari wa maboya yaliyofungwa kwa kamba, na hakuna sababu yoyote ya kuukaribia, hata kwa picha. Safari yenu imalizike mbali na mstari huo. Jambo lingine ni miguu: mtu akianguka mahali maji yanapotembea asijaribu kusimama. Mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo humlaza mtu kifudifudi, na hata maji ya gotini yanaweza kuua namna hiyo. Alale chali, miguu juu na mbele, kama yule mama wa Mwanza alivyofundishwa, na asubiri kufikiwa.

Muwasikilize viongozi wanavyoeleza ishara kabla ya kuondoka. Filimbi ikilia mara moja, kila mtu atazame; ikilia mara tatu, kuna hatari. Kafi likisimamishwa wima, njooni. Likilazwa juu ya kichwa, simameni. Kiongozi akinyoosha kafi upande fulani, huko ndiko pa kwenda, kamwe si kule kwenye hatari. Asiyewaeleza hayo wakati mko nchi kavu, mimi nisingemfuata majini.

Huyo wa tisa ana kiti. Kiongozi huwa na kayaki ya watu wawili kwa ajili hiyo hasa, na mwenye hofu kubwa zaidi ndiye hukaa mbele yake. Hana haja ya kuongoza wala ya kushindana na mtu. Akichoka anaweka kafi mapajani, na chombo kinaendelea kwenda.

Mwalimu wa Kisumu aliandika:

Ninarudi kuwapa habari baada ya siku nane. Nilizungumza na kampuni tatu. Ya kwanza haikuweza kuniambia tunatoka majini wapi. Mtu aliyepokea simu alirudia tu kwamba mandhari ni mazuri. Ya pili ilitaja sehemu iliyo chini ya bwawa la Bujagali, ikaniambia ni "rahisi tu", na nikaagana nayo kwa adabu. Ya tatu, kabla sijauliza lolote, mwanamke aliyepokea aliniuliza tuko wangapi na wangapi hawajui kuogelea. Tutaingia kati ya Nalubaale na Bujagali na kutoka mbali na maboya, kwa kayaki za kukalia juu, viongozi wawili na boti moja, saa mbili asubuhi. Tarehe ya kupimwa kichocho imeandikwa kwenye kalenda ya ofisi kwa wino mwekundu.

Mwenzetu wa hisabati alisoma kurasa zote akiwa peke yake wakati wa mapumziko, na ile sehemu ya mama wa Mwanza aliirudia. Hakusema kitu siku hiyo. Kesho yake alinipa karatasi yenye swali moja alilotaka nimpelekee kiongozi: kama, akisha kulala chali majini na kuona hawezi kuendelea, atarudishwa ukingoni bila kuharibia wengine safari yao. Jibu limefika leo asubuhi. Kiongozi ameandika kwamba wataanza naye yeye kabla ya wengine kuvaa jaketi, kwamba atakuwa na muda wote anaoutaka, na kwamba boti itamrudisha wakati wowote atakapoinua mkono, hata wakiwa katikati ya mto. Ameongeza kwamba jaketi atakalovaa ni la nyutoni 100.

Nilimpa simu asome mwenyewe. Aliomba kalamu, akachukua ile orodha ya vyombo iliyobandikwa ukutani, na kwenye kiti cha mbele cha kayaki ya kiongozi akaandika jina lake.